Kura Iliyofungiwa Mlango

Nilimwambia Joash Lusweti, tena si mara moja, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kura inapigwa kwenu Kimilili, wewe uko huku Njoro umekalia trekta ya mzungu, sasa kura yako itafikaje huko? Kwa miguu? Akacheka. Alikuwa na kicheko fulani cha pole, kinachokufanya ujione mjinga hata kama una haki, na mimi kitu kama hicho hunichoma.

"Itaenda kwa posta, Kiptanui," akasema. "Serikali yenyewe imeruhusu."

Nikamwambia serikali ikikuruhusu kitu, tazama nyuma yako kwanza.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, mwanzoni, wakati mashamba yanalimwa kungojea mvua ya ngano. Waafrika walikuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza kupeleka watu wao kwenye baraza la Nairobi, lakini usidhani ilikuwa kura ya kila mtu. Ulitakiwa uwe na shule, au mshahara wa maana, au miaka ya jeshi, sijui na nini tena. Mimi nilikuwa nyapara wa maziwa kwa Bwana Tumbako, jina tulilompa kwa sababu ya kiko chake, na shule yangu iliishia kuandika jina langu na kujua madebe ya asubuhi. Sikupewa kura. Joash alipewa. Alikuwa amesoma kwa wamisionari wa dhehebu la Marafiki huko kwao Bukusu, akawa fundi na dereva wa trekta, na alipokwenda nyumbani kumzika kaka yake alijiandikisha huko huko. Sasa Bwana alikuwa amesema hakuna mtu wa trekta atakayepewa ruhusa mpaka ngano iingie ardhini. Ndiyo sababu ya hiyo posta.

Aliandika kwa ofisi ya Disii, mkuu wa wilaya wa kwao. Aliandika jina lake, nambari aliyopewa siku ya kujiandikisha, mahali anapofanya kazi, na kwa nini hawezi kufika mwenyewe. Akaomba karatasi ya kura iletwe huku. Alinisomea barua yote, polepole, kana kwamba mimi ndiye Disii. Nikamwambia ni barua nzuri, na kama ningekuwa Disii ningeitupa.

Basi haikutupwa, jibu lilikuja. Likaja katika ule mfuko wa turubai wa shamba, wenye kufuli, ambao ufunguo wake ulikuwa kwa Bwana peke yake. Kila barua ya mfanyakazi ilipita mikononi mwake. Nyingine alizitoa siku hiyo hiyo, nyingine zilikaa mezani kwake mpaka zikashika harufu ya tumbako. Hii aliileta mwenyewe mpaka kwenye karakana. Nilikuwa pale nikingoja kuchomelewa mkono wa debe. Akaiinua bahasha kubwa, akaitazama kwenye jua, akaigeuza.

"Lusweti, serikali inakuandikia nini?"

"Ni karatasi ya kura, Bwana."

 Bwana akampa, akaondoka, akasimama kidogo karibu na tangi la maji akitutazama. Nikainama juu ya debe langu ili macho yetu yasikutane.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Wiki ile ile, katika shamba la jirani, stoo ya kukaushia pareto ilikuwa imeungua usiku hadi ikabaki majivu. Siku hizo Dini ya Msambwa ilikuwa imepigwa marufuku, wafuasi wake wengi walikuwa Wabukusu, na wazungu walisema hao ndio wachomaji. Na kwa jumla, hizo zilikuwa nyakati za viapo vya siri vya kuwapinga wazungu. Ukionekana umejifungia nyumbani na mwenzako mchana, watu wanauliza mnaapishana nini. Mimi Mkipsigis nilikuwa napita tu. Lakini Mbukusu, wee! Huyo alikuwa Msambwa mpaka aonyeshe vingine.

Kitu cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha hapa, ni kwamba Joash ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye hangeweza kuapa hata ungempiga. Marafiki hawaapi. Spana kubwa ya karakana ilipopotea, Bwana alitupanga mstari tuape mmoja mmoja kwamba hatukuiiba. Mimi niliapa kwa Mungu, kwa mama yangu, na kwa ng'ombe wote wa shamba. Joash alipofikiwa akasema, "Sikuiiba." Akaambiwa aape. "Nimesema sikuiiba. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Nikiapa leo, maana yake jana nilikuwa nadanganya." Alikatwa mshahara kwa ukaidi. Spana ikapatikana chini ya kiti cha lori la Bwana mwenyewe, na hakuna aliyemrudishia hata senti. Mtu kama huyo utamfanya nini? Nilimkasirikia wiki nzima, halafu nikampelekea maziwa.

Sasa kura. Alinieleza inavyofanywa. Karatasi ya kura unaitia alama peke yako, hakuna jicho lingine, unaiingiza katika bahasha ndogo na kuifunga. Halafu kuna karatasi ya pili, ya kusema kwamba wewe ndiye wewe, na hiyo unaisaini mbele ya shahidi anayekujua, naye anasaini. Vyote viwili vinaingia katika bahasha kubwa, inapelekwa posta. Ikifunguliwa njiani na mtu yeyote, imeharibika, haihesabiwi.

"Nataka wewe uwe shahidi," akasema.

"Kwani umekosa watu?"

"Wewe ndiye unayenijua."

Ningekataaje hapo? Hata leo niambieni, ningekataaje?

Jumapili, baada ya ibada, nikaenda kwake. Nyumba zao za kazi zilikuwa zimebanana, kikohozi cha huyu kinasikika kwa yule. Mkewe, Nasimiyu, alikuwa anapika mboga za kunde, mtoto wao Nabalayo mgongoni. Joash akamwambia atoke nje. Nasimiyu akageuka na mwiko mkononi.

"Nitoke nyumbani kwangu?"

"Kwa dakika chache, mama Nabalayo. Sheria inasema niwe peke yangu."

"Na sufuria nayo itoke? Nayo ina macho?"

Lakini alitoka, akinung'unika. Joash akafunga mlango. Halafu, kwa vile alikuwa Joash, akafunga na dirisha, akaning'iniza blanketi, maana ubao wa dirisha ulikuwa na ufa na sheria ilisema hakuna jicho lingine. Mimi na Nasimiyu tukakaa nje kwenye gogo, tumeupa mlango mgongo, kama watu wanaongojea mkunga atoke. Jua lilikuwa kali. Watu wakaanza kutazama.

Chelagat, mke wa askari wa shamba, akapita na mtungi. Akapunguza mwendo.

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana," nikasema.

"Mbona mmefunga kila kitu? Na wewe Kiptanui unafanya nini hapo nje?"

"Nangoja. Siruhusiwi kuona."

Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Chelagat akautazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama Nasimiyu, kisha akaenda zake haraka, maji yakimwagika. Nasimiyu akasema kwa sauti ndogo, "Sipendi." Wakati ule ule Joash akatufungulia, anatoa jasho, ana furaha kama bwana harusi. Karatasi ya pili ilikuwa juu ya meza, ameifunika nusu kwa kitabu cha nyimbo ili isipeperuke. Akasaini mbele yangu, akanionyesha mahali pa jina langu. Nikaandika. Sikusoma kilichokuwa juu, maana kusoma kwangu ni kwa kusukuma. Akatia vyote ndani, akafunga.

"Haitapita kwa mfuko wa Bwana," akamwambia mkewe. "Kesho asubuhi utaipeleka Njoro mwenyewe. Usimpe mtu. Itie kwenye sanduku kwa mkono wako."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jumatatu asubuhi tulikuwa bado tunakamua, Land Rover ya polisi ikaingia. Nasimiyu alikuwa ameshaondoka na bahasha ndani ya nguo, kifuani. Hawakukimbilia popote. Walikwenda moja kwa moja karakana, wakamtoa Joash chini ya trekta kwa miguu, halafu wakaja kwangu.

Aliyewaongoza alikuwa Inspekta kijana, mzungu, nywele zimelala kwa mafuta. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hicho ndicho kilichonitisha. Wazungu wetu walikivunjavunja, unajua wapi umesimama nao. Huyu aliongea kama mwalimu.

"Jana ulikuwa nje ya nyumba ya Lusweti?"

"Ndiyo, Bwana."

"Alikuwa anafanya nini ndani?"

"Alikuwa anapiga kura, Bwana."

Polisi wawili wakacheka. Inspekta hakucheka.

"Ulimwona akipiga kura?"

"Hapana."

"Uliona alichoandika?"

"Hapana. Sheria inasema nisione."

"Kwa hiyo alijifungia, akaziba dirisha, akafanya jambo usilolijua, na wewe ukaweka jina lako."

Mungu wangu! Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa kitanzi. Nikajaribu kueleza bahasha ndogo na bahasha kubwa, nikajichanganya, nikasikia sauti yangu ikiwa ya mwongo. Akaniambia nifike kituoni Njoro kabla ya adhuhuri kusaini maelezo yangu. Wakaondoka na Joash. Bwana Tumbako alisimama barazani akivuta kiko mpaka vumbi likatulia.

Nikachukua baiskeli ya maziwa. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu. Bahasha ile ndiyo ushahidi, na ikishaingia kwenye sanduku ni mali ya posta, hakuna atakayeitoa. Nilikanyaga mpaka mapafu yakawaka. Nilimkuta Nasimiyu mbele ya posta, miguu imejaa vumbi, mkono ameshautia kifuani kuitoa.

"Mama Nabalayo, usiitie!"

Nikamweleza yote. Nilipomaliza, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Aliniambia nisimpe mtu."

"Watampeleka kizuizini. Unawajua waliopelekwa. Unamjua hata mmoja aliyerudi?"

Alitazama lile sanduku. Nilidhani ataitia hata hivyo, maana alikuwa anamtii Joash kwa njia yake ya kunung'unika, na alijua jinsi alivyoitaka kura ile. Kisha akairudisha kifuani, akamkaza mtoto mgongoni, akaanza kutembea kuelekea kituoni, mbele yangu.

Joash alikuwa ameketishwa sakafuni. Mezani palikuwa na Biblia ya Kiswahili. Inspekta alikuwa anamwambia, kwa upole kabisa, kwamba jambo ni rahisi: aape juu ya kitabu hiki kwamba hakumwapisha mtu wala hakuapishwa, kisha tuone.

"Sikumwapisha mtu," Joash akasema. "Wala sikuapishwa."

"Apa."

"Siapi, Bwana. Marafiki hatuapi. Nimesema ilivyo."

Nasimiyu akatoa bahasha. Joash alipoiona alijaribu kuinuka, polisi akamrudisha chini.

"Ikifunguliwa imeharibika!" akasema. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. "Bwana, tafadhali. Iulize ofisi ya Disii. Usiifungue."

"Fungua," Nasimiyu akamwambia Inspekta. Alikuwa analia. "Fungua uone ni kura. Kura itarudi mwaka mwingine. Baba Nabalayo, nisamehe, kura itarudi."

Inspekta akaipasua ile kubwa. Bahasha ndogo ikaanguka mezani, hakuigusa. Alifungua karatasi ya pili, akaisoma. Mtoto akaanza kupiga kelele, njaa na joto, na polisi akamfanyia Nasimiyu ishara ampeleke nje. Akatoka barazani kumnyonyesha.

"Hapa pameandikwa 'naapa au nathibitisha'," Inspekta akasema. "Nani amekata 'naapa'?"

"Mimi," Joash akasema. "Karatasi yenyewe inaruhusu. Unakata moja."

"Lini?"

"Jana, kabla Kiptanui hajasaini."

Inspekta akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, ingawa sikuwa nimeona, Mungu anisamehe. Akaishika karatasi ile muda mrefu. Akaipeleka dirishani, akairudisha. Nilikuwa nauangalia uso wake kama ninavyomwangalia ng'ombe anayetaka kupiga teke, na nawaambia, ulilegea.

"Mtu ambaye hawezi kuapa hata kwa serikali," akasema, kana kwamba anasema na meza, "hata akiwa peke yake, hata pasipo mtu wa kumwona... mtu huyo angewaapishaje wengine?"

Akaketi. Akaichukua Biblia na kuisogeza kando, pembeni mwa meza, kama mtu aliyemaliza kazi nayo. Nikamtazama Joash, naye alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Tulikuwa tunatoka. Nilijua tunatoka.

Hapo ndipo Nasimiyu aliporudi mlangoni. Alikuta watu wote kimya. Alikuta mumewe sakafuni amefumba macho, na Biblia imeondolewa. Alichoelewa ni kwamba nafasi imepita, kwamba Joash amekataa kwa mara ya mwisho na mzungu amefunga kesi. Ningemzuia, haki ya Mungu ningemzuia, lakini alikuwa mwepesi. Alifika mezani, akaivuta Biblia, akaweka kiganja juu yake, mtoto amening'inia kwenye titi.

"Mimi nitaapa!" akasema. "Kama yeye hawezi, mimi nitaapa. Naapa kwa Mungu aliye hai, mume wangu hakumwapisha mtu, wala hajui Msambwa, ni kura tu alikuwa anapiga. Naapa!"

Inspekta hakushtuka. Alimtazama kwa makini, kisha akamvutia kiti, akamwambia akae.

"Mama, wewe nawe ni wa Marafiki?"

"Tangu kuzaliwa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa."

"Na umeolewa kwa Marafiki."

"Ndiyo, Bwana."

"Asante," akasema. "Umenisaidia sana."

Akachukua kalamu, akaanza kuandika. Joash alifumbua macho. Alimtazama mkewe, na hapakuwa na hasira yoyote usoni mwake, ningependa ijulikane hivyo. Alimtazama kama mtu anayeangalia kitu chake kabla ya safari.

"Alichosema ni kweli, Bwana," akasema.

"Sikuuliza kama ni kweli," Inspekta akajibu bila kuinua kichwa. "Niliambiwa hamuapi. Kumbe mnaapa, ikiwafaa."

Nasimiyu hakusikia, au alisikia na hakuelewa. Asante ilikuwa imemjaa masikioni. Alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya leso, anacheka kidogo, anamwambia Inspekta Mungu ambariki. Akanivuta mkono.

"Kiptanui, twende tukamngojee nje. Hajala tangu jana, hawezi kutembea mpaka shambani. Umpe baiskeli yako."

Nikageuka mlangoni. Inspekta alikuwa ameichukua ile bahasha ndogo, akaingiza kidole chini ya mfuniko wake, akaipasua. Joash aligeuza uso ukutani.

Nje, Nasimiyu aliiegemeza baiskeli kwenye ngazi, akafuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja chake. Aliniuliza kama Joash ataweza kuiendesha na mtoto mbele, au mtoto abaki mgongoni kwake. Nilitaka kumwambia kiapo chake kimefanya nini. Naapa nilitaka, nikafungua mdomo na maneno hayakuja, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Nikamwambia mtoto abaki mgongoni. Alikuwa bado ameshika usukani, anautazama mlango wa mbele kwa furaha, tuliposikia Land Rover ikiwashwa nyuma ya jengo.